Wewe ni Mbuzi?

Dada yangu akiwa na habari habishi hodi. Huingia na kuipiga meza yangu ya kukatia kwa kiganja, mara mbili, mpaka pini zinaruka. Asubuhi ile aliipiga mara tano. Nilikuwa na futi shingoni na mwalimu mmoja wa kike mbele yangu, kainua mikono nimpime kifua, na kabla sijageuka nikajua kwamba gauni la mwalimu halitakatwa siku ile.

"Funga duka," dada alisema kwa mikono. "Wamemkamata mpiga pasi. Anahukumiwa saa nne."

"Mpiga pasi gani?"

"Yule aliyekubali kuwa mbuzi!"

"Wote walikubali kuwa mbuzi," nikamjibu.

Mimi nikizungumza na dada hutoa na sauti pia, ni mazoea. Kwa hiyo mwalimu wa watu, mikono ingali hewani, alikuwa amesikia upande wangu peke yake. Akaniuliza kwa adabu kama kuna mgonjwa nyumbani.

Ngoja nieleze habari ya mbuzi, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki.

Dada yangu ni kiziwi tangu ana miaka sita. Ilikuwa homa, wiki tatu kitandani, na alipoamka tulimwita hakugeuka. Sasa ni katibu wa chama cha viziwi, na kila Jumamosi ana darasa kwenye chumba cha kuazima nyuma ya zahanati. Wanakuja wabeba mizigo, wafua nguo, washona viatu, watu wazima ambao hawakuwahi kukalia dawati. Watu hudhani somo la kwanza ni herufi. Thubutu! Somo la kwanza ni kukataa.

Kiziwi aliyekulia kati ya wanaosikia hujifunza mapema kwamba ukiulizwa jambo usilolielewa, dawa ni kuitikia kwa kichwa. Ukitikisa kichwa kukataa, mwulizaji anakasirika, anarudia kwa kelele, anakushika bega, watu wanajaa. Ukiitikia anatabasamu na kwenda zake. Wenyewe wanaiita ndiyo ya kuondokea. Kwa ndiyo hiyo kuna waliopoteza kazi, kuna waliochomwa sindano zisizo zao, na mama mmoja darasani mwetu aliolewa.

Basi mimi, ambaye nasikia vizuri tu, nalivaa koti la marehemu baba, nashika faili tupu, nakunja uso. Darasani naitwa Mkubwa. Namsogelea mgeni na kumwuliza kwa sauti, harakaharaka, bila ishara hata moja: "Wewe ni mbuzi?" Tisa kati ya kumi wanaitikia. Kisha dada anawatafsiria nilichouliza, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na aliyeulizwa ndiye anayecheka zaidi. Hapo ndipo dada anapowafundisha ishara moja tu. Kiganja wazi kinapita mbele ya paji la uso, huku kichwa kinatikisika. Sijaelewa. Wanairudia mpaka mikono inachoka.

Mpiga pasi alikuja mara moja. Mtu mzima wa miaka thelathini hivi, mpole, shati limenyooka kuliko la mtu yeyote chumbani. Aliitikia kwamba ni mbuzi, akacheka na wenzake, kisha akaitazama saa ya ukutani na kukimbilia kazini kwa dobi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi darasa liishe. Ishara ya sijaelewa ikafundishwa nyuma yake.

"Imekuwaje?" nikamwuliza dada, huku nimekwisha kutoa futi shingoni.

Habari alikuwa nayo kutoka kwa mshona viatu, kiziwi mwenzake anayeketi na kisanduku chake nje ya geti la mahakama. Asubuhi hiyo aliona mpiga pasi akishushwa kwenye gari la mahabusu, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka vifundoni. Akauendea ubao wa matangazo. Kusoma anajua, dada ndiye aliyemfundisha. Aliliona shauri lenyewe: kuchoma duka la dobi kwa makusudi. Mbele yake pameandikwa, amekiri kosa jana. Adhabu, leo, saa nne.

"Amekiri kwa mdomo gani?" dada aliniuliza. "Na kwa mikono gani? Mikono yenyewe imefungwa! Ameitikia. Nakuapia, ameitikia!"

Macho yake yalikuwa yanawaka. Nikamwambia kwa hasira kidogo, "Mwenzio anakwenda jela na wewe unafurahi?"

"Sifurahi. Miaka miwili nawaandikia barua kwamba mahakama bila mkalimani inafunga watu wasiojua wameulizwa nini. Wananijibu nilete mfano. Mfano uko kizimbani, na sasa hivi ni saa tatu na nusu. Vaa viatu!"

Nilimwomba radhi mwalimu. Nadhani aliniitikia.

Tulikwenda kwa miguu, nusu tunatembea nusu tunakimbia, tukipita kwenye vichochoro vya mafundi ambako watu wanamjua na kumwita Mama Mikono. Mchonga samani alimpungia randa. Nilikuwa nahema, na si kwa mbio peke yake. Kila dada akiniambia twende mahali nikamsemee, nakumbuka ofisi moja.

Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi minane. Mwalimu mkuu alituita wote wawili. Akamwuliza dada, kwa upole kabisa, kama haoni afadhali abaki nyumbani amsaidie mama, kwa kuwa darasani hasikii. Dada akanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Dirisha lilikuwa wazi, nje wenzangu wanaruka kamba na zamu yangu inafika. Nikamgusa kwa kiwiko, nikamfanyia ishara ya kichwa: itikia. Akaitikia. Mwalimu mkuu akaandika kwenye daftari kwamba mwanafunzi ameacha shule kwa hiari yake. Mimi nikawahi zamu yangu.

Dada hakurudi shule kwa miaka saba. Aliosha masufuria ya mgahawa mpaka vidole vikababuka, vidole hivyohivyo anavyozungumzia. Herufi alijifundisha kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Alirudi darasani ana miaka kumi na minane, akaketi na watoto wa miaka saba, magoti hayaingii chini ya dawati, na alipopita watu walikuwa wanasema sikio la kufa halisikii dawa, wanacheka. Nazichukia methali zote za masikio mpaka leo. Siku ile ya ofisini hajawahi kuitaja, na mimi sijawahi kuthubutu. Ndiyo maana akipiga meza, nafunga duka.

Mlangoni mwa mahakama alisimama karani mwenye mafaili kwapani.

"Mna shauri?" akaniuliza. Kisha akamtazama dada anavyoongea kwa mikono. "Huyu naye ni bubu?"

"Huyu ni katibu wa chama cha viziwi," nikamwambia. "Una barua zake tatu."

"Barua zinashughulikiwa."

"Na nani, mchwa?"

Dada akanivuta mkono. "Anasemaje?"

"Anasema zinashughulikiwa."

"Na wewe umesemaje?"

Nikamwambia. Alicheka cheko lake lile la sauti kubwa asiyoisikia, karani akaruka hatua moja pembeni, na sisi tukapita kwenye nafasi aliyoiacha.

Chumba kilikuwa kimejaa. Feni ilizunguka bila kupoza mtu. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, kalamu mkononi. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mrefu mwenye viatu vipya vinavyolia kila akipiga hatua. Na kizimbani alisimama mpiga pasi wetu, shati limekunjamana. Hilo shati ndilo lililoniuma kwanza. Mikono yake iliyofungwa aliishika kifuani, haijui ikae wapi. Alikuwa anatabasamu.

"Mshtakiwa amekiri kosa bila kulazimishwa," mwendesha mashtaka alikuwa anasema. "Mheshimiwa, tunaomba adhabu ya miaka mitatu, iwe fundisho."

Hakimu akamgeukia mpiga pasi. "Una la kusema kabla sijatoa adhabu?"

Mpiga pasi akaitikia kwa kichwa. Hakimu akangoja. Mpiga pasi akaitikia tena, tabasamu likazidi. Hakimu akashusha pumzi, akainamia karatasi na kuanza kuandika.

Dada alisimama katikati ya benchi, mkono juu kabisa. Askari akamwonyesha akae. Hakukaa. Askari akamjia, na dada akainua na mkono wa pili.

"Nani huyo?" hakimu akauliza.

Nikasimama. "Mheshimiwa, ni dada yangu, hasikii, anaomba kwamba mshtakiwa..."

Kiwiko cha dada kikaniingia ubavuni. "Mimi bado sijasema neno. Wewe unaomba nini?"

Hakimu akatutazama juu ya miwani, yeye kisha mimi.

"Ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa, lakini amesoma, ana vyeti, na pia..."

Safari hii alinikanyaga. "Ameuliza nini?"

"Kama wewe ni wakili."

"Na umemjibu?"

"Nimemjibu hapana."

"Nani kakwambia unijibie?"

"Mnazozana nini huko?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa," nikasema, jasho linanitoka, "ananigombeza kwa kuwa nimemjibia swali lake."

Watu wakacheka. Pembe moja ya mdomo wa hakimu ikasogea. "Yuko sawa. Mpe swali lake. Kisha useme atakachosema yeye, wala usitie chumvi. Nawapa dakika mbili."

Nikampa dada swali. Alijibu taratibu, akimtazama hakimu na si mimi, na mimi nikatoa sauti.

"Mimi si wakili. Mimi ni mtu niliyewahi kuitikia."

Nilikuwa nimekwisha kuyasema ndipo nilipoyasikia. Dada hakunitazama, mikono yake ilikuwa inaendelea na mimi ilinibidi niifuate.

"Mheshimiwa, mtu huyu hajakiri. Kiziwi asiyeelewa huitikia, ili aachwe. Naomba umwulize kitu kingine chochote, kisicho cha kesi hii, kwa namna ileile mliyomwuliza jana. Swali moja tu. Kama nimesema uongo, nitakaa."

"Mahakama si uwanja wa michezo," akasema mwendesha mashtaka.

"Ni kweli," hakimu akamjibu. Aliitazama kalamu yake, akaiweka chini. Kisha akamgeukia mpiga pasi na kumwuliza kwa sauti ileile kavu ya mahakama: "Mshtakiwa, wewe ndiye hakimu wa mahakama hii?"

Mpiga pasi akaitikia.

Chumba kizima kikaguna. Mwendesha mashtaka akasimama haraka, viatu vikalia. "Anaigiza, mheshimiwa! Hawa wana ujanja wao. Niruhusu nimwulize mimi."

"Mwulize."

Akaenda mpaka kwenye kizimba, akauweka uso wake karibu kabisa na wa mpiga pasi. "Wewe unajifanya kiziwi. Unasikia kila neno. Ni kweli au si kweli?"

Mpiga pasi akaitikia mara tatu.

"Amekiri!" mwendesha mashtaka akageuka, mikono kaifungua kwa furaha. "Mheshimiwa, umejionea mwenyewe, amekiri!"

Hakimu alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya vazi lake, hana haraka, na chumba kizima kikamngoja. "Mshtakiwa," akasema, "huyu mwendesha mashtaka aliyesimama mbele yako, ndiye aliyechoma duka la dobi?"

Uso wa hakimu ulikuwa mkali, kwa hiyo mpiga pasi aliitikia kwa nguvu zaidi, mpaka kidevu kikagusa bendeji.

Lo! Kicheko kilichopasuka mle ndani, sijawahi kukisikia mahakamani. Askari alijifunika mdomo kwa kofia. Mwendesha mashtaka alirudi kukaa na viatu vyake havikulia tena, sijui alikanyagaje. Mimi nilicheka kuliko wote, nilishika benchi nisianguke, nilitaka kumkumbatia dada yangu palepale.

Dada hakuwa anacheka. Alinigusa bega, akanionyesha kwa kidevu. "Mtazame."

Mpiga pasi alikuwa anacheka pamoja nasi. Anacheka na macho yanazunguka chumbani, yanatafuta nani bado anacheka na nani ameacha, asije akaacha kabla ya wengine au akachelewa. Kicheko kikanifia kinywani. Wakamwona na waliokaa mbele yangu, na wa mbele yao, na kimya kikashuka benchi kwa benchi mpaka kikafika kwa hakimu. Yeye alikuwa amekwisha kunyamaza zamani.

"Mama," hakimu akamwambia dada, si mimi, "unaweza kuzungumza naye?"

"Naweza, kama utaniruhusu nimkaribie."

Tuliapishwa wote wawili. Mimi niliapa kusema yaliyosemwa bila kuongeza wala kupunguza, na wallahi nilitetemeka, kwa kuwa kupunguza na kuongeza ndiko nilikokulia. Dada akaenda akasimama mbele ya kizimba, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia kwenye mikono. Mpiga pasi alipomwona, tabasamu lile la kuomba radhi lilitoweka usoni kwa mara ya kwanza. Akaiinua mikono yake kusema kitu. Bendeji mbili nyeupe zikasimama hewani, hazina vidole.

"Usijali," dada akamwambia. "Tumia kichwa. Kichwa kinatosha. Unanikumbuka?"

Akaitikia. Nikaanza kuogopa, maana ile nayo ilikuwa ndiyo, na nani angejua ni ndiyo gani? Dada naye alilijua hilo. Akaupitisha mkono wake mbele ya paji la uso, kiganja wazi, akatikisa kichwa: sijaelewa. Akairudia ishara mara mbili, tatu. Dakika kumi za ile Jumamosi alimlipa pale kizimbani. Kisha akasimama wima, akakunja uso kama mimi ninavyoukunja nikiwa Mkubwa, na akamwuliza kwa ishara, pembe mbili kichwani na ndevu kidevuni.

"Anamwuliza nini?" hakimu akataka kujua.

Niliapa kusema yaliyosemwa. "Mheshimiwa, anamwuliza: wewe ni mbuzi?"

Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wameinua shingo. Kidevu cha mpiga pasi kikaanza kushuka, kwa mazoea yake ya miaka yote, na mimi nikauma kidole. Kikasimama katikati. Macho yakamtoka. Alikumbuka, nakwambia alikumbuka, maana uso wote ulifunguka, na kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia, na tena, na tena, huku anacheka kicheko kingine kabisa ambacho hakikumtafuta mtu yeyote.

"Anasema hapana!" nikapiga kelele. "Mheshimiwa, anasema yeye si mbuzi!"

"Nimeona," hakimu akasema. "Msomeeni shtaka."

Dada alimsomea. Alilichora duka, meza, pasi, rundo la nguo, njiti ya kiberiti, mtu anayewasha moto huku anajua anachofanya. Mpiga pasi alifuata kila kidole. Na alipofahamu, alipofahamu hasa ni neno gani aliloitikia kituo cha polisi na tena jana mbele ya watu, damu ilimwondoka usoni. Alitikisa kichwa mpaka askari akamshika bega asianguke. Hakuishia hapo. Kwa mabega na viwiko akatuonyesha yuko uani anaanika mashuka. Pua ikanusa. Akakimbia palepale aliposimama. Akakumbatia kitu kikubwa kinachowaka, uso umekunjamana kwa uchungu, akakitupa nje, akarudi, akakumbatia kingine. Kisha akazinyoosha bendeji zake mbele ya hakimu.

Nilitafsiri huku nalia, lakini sikutia chumvi.

"Ushahidi tutausikia siku yake," hakimu akasema. Akageuka. "Mwendesha mashtaka, kwenye faili lako, kuna mtu aliyemwuliza mikono hii iliunguaje?"

Akapekua karatasi, mbele, nyuma, tena mbele. "Haimo, mheshimiwa."

Hapo hakimu akaanza kusema na kuandika kwa pamoja, na mimi nilikuwa nakimbizana naye. Kukiri kwa jana kunafutwa. Mahakama inaandika kwamba mshtakiwa amekana kosa. Shauri litaanza upya baada ya wiki mbili, na mkalimani awepo kila siku ya shauri. Mshtakiwa atoke kwa dhamana, kuna wa kumdhamini? Nyuma kabisa mshona viatu, aliyekuwa ametufuata ndani na ambaye dada alikuwa anamtafsiria juu ya vichwa vya watu, akanyanyua brashi yake ya viatu. Na karani, barua tatu za chama cha viziwi ziwe mezani kwangu kabla ya saa nane. Karani akatoka mbio. Niliomba kimoyomoyo mchwa wawe wamebakiza kitu.

"Mshtakiwa," hakimu akamalizia, "umeelewa?"

Dada akamfikishia. Mpiga pasi akamtazama hakimu, mtu mkubwa kuliko wote mle ndani, aliyekuwa anangoja jibu. Kidevu kikashuka kidogo. Kikarudi juu. Taratibu akauinua mkono wa kulia, bendeji kubwa kama mpira, akaupitisha mbele ya paji la uso, na kichwa kikatikisika.

"Hajaelewa, mheshimiwa," nikasema, na sidhani nimewahi kusema neno kwa furaha kiasi kile.

"Vizuri," hakimu akasema. Akavaa miwani yake, akarudi juu ya ukurasa na kuanza upya, neno kwa neno, akisimama kila mstari kumngoja dada amalize.

Nje getini palikuwa na vurugu. Mshona viatu alikuwa anapiga kisanduku chake kama ngoma, anaitingisha ardhi wenzake waisikie miguuni. Mpiga pasi alizungukwa na watu wanaomuuliza maneno, na kila swali la tatu alilipitishia bendeji mbele ya uso, hata mengine nadhani aliyaelewa, ila alikuwa amenogewa na mchezo. Dada alinishika mabega akanigeuza nimtazame. Mikono yake ilikwenda mbio, haionekani, na mimi macho yalikuwa yamejaa maji. Akamaliza kusema, akawa ananingoja.

Nikamwitikia kwa kichwa.

Akanikazia macho. "Nimesema nini?"

Nikatazama pembeni. Akanigeuza tena.

"Mkubwa. Nimesema nini?"

Miaka yote nimelivaa koti la baba na kuwacheka watu wazima. Nikafuta macho, nikakipitisha kiganja mbele ya paji la uso. Sijaelewa.

Akarudia polepole, kwa vile vidole vilivyobabuka.

"Siku ile kwa mwalimu mkuu, sikujua ananiuliza nini. Lakini niliiona kamba dirishani. Niliona wenzako wanakuita, na wewe unataka kutoka. Nikaitikia ili uwahi."

Nilielewa. Nilielewa kila kidole. Miaka ishirini na nane nilikuwa nimebeba mzigo ule peke yangu, kumbe mwenzangu aliujua uzito wake tangu siku ya kwanza.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia.

"Rudia tena."

Akacheka lile cheko lake kubwa, watu wote getini wakageuka, akanishika mkono na kunivuta njia ya dukani. "Umeelewa, bwana. Twende. Mwalimu wako bado kainua mikono."